Kazi na Makazi ya Mama Sema-Tena

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na jina zuri tu kwenye vyeti vyake, lakini hakuna aliyelitumia. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama kando ya nyundo za chuma zinazoponda mahindi ndani ya pipa la bati, na masikio yake yalikuwa yamelipia. Umwambie lolote, atakujibu, "Sema tena." Wateja wakampachika Mama Sema-Tena, naye hakununa. Jina la bure halina ushuru. Isitoshe, lilimfaa kazini. Mteja anayetaka kupunguziwa bei huitaja mara ya kwanza kwa ujasiri. Akiambiwa aseme tena, huitaja kwa aibu. Akiambiwa mara ya tatu, huishia kulipa kama wenzake.

Mashine hakuirithi. Alianza kwa kupima mahindi kwa kopo barazani kwa watu, binti yake mgongoni, kisha akainunua kutoka kwa bwana mmoja aliyekwisha kuiita chuma chakavu. Chuma chakavu hulipiwa bei ya chuma chakavu, alisema, na hakuongeza hata senti. Akabadili mkanda na chekecheke, akasimamisha kibanda sokoni, nyuma ya duka la magodoro. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya barabara ya lami, vyumba viwili na jiko, hatua mia mbili na arobaini. Alizihesabu siku alipoisukuma mota kwa toroli. Barabara hiyo ndiyo mpaka: upande wa soko ni kata moja, upande wa nyumba ni kata nyingine. Mpaka huo haukuwahi kumkosesha usingizi, mpaka jirani yake alipoamua kugombea udiwani.

Jirani mwenyewe ni mwenye magodoro. Vumbi la unga lilikuwa likipenya dirishani kwake na kutua juu ya bidhaa, hata wanunuzi wakawa wanayazaba magodoro makofi kabla ya kuuliza bei. Alitundika kitambaa mlangoni: SOKO SAFI, SOKO TULIVU. Kwa mdomo alifafanua zaidi. Mashine ya kusaga ihamie machimboni, kule wanakopasua kokoto, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Na diwani wa kata ya soko ndiye mwenyekiti wa kamati ya soko. Akisema hama, unahama.

Mama Sema-Tena hakuhitaji kufafanuliwa. Nani atabeba debe la mahindi kichwani saa nzima kwenda, na saa nzima kurudi? Mashine isiyo na foleni ni bati tu.

Siku ya kujiandikisha kupiga kura alikwenda katikati ya kazi, mkanda ukizunguka. Alimwachia kibanda Mzee Sindano, mshona magunia, ambaye ana mikono mizuri na kichwa cha kusahau. Meza ya karani ilikuwa kwenye ukumbi wa ofisi ya mji, ikiandikisha watu wa kata zote mbili. Karani alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kichwani mwa Mama nyundo zilikuwa bado zinagonga.

"Makazi yako ni wapi, mama?"

Yeye alisikia kazi. "Sokoni, nyuma ya duka la magodoro."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Uko peke yako?"

"Niko na mzee mmoja. Lakini huyo jioni anaondoka, anakwenda kwa mkewe."

Karani alimwangalia kidogo, akainamisha macho, akaandika. Mama akatia sahihi bila kusoma, yeye ambaye haamini mizani ya mtu mpaka aikanyage mwenyewe. Alikuwa anaufikiria mkanda.

Wiki tatu baadaye majina yalibandikwa ukutani ili watu wayakague. Binti yake, ambaye sasa ni mke wa mtu na ana macho makali, alimsindikiza kwenye orodha ya kata ya nyumbani. Alishuka na kidole mara ya kwanza, akapanda nacho mara ya pili.

"Mama, humu haumo."

"Sema tena."

"Haumo! Yumo hata marehemu babu wa kona, wewe haumo!"

Walivuka barabara. Kwenye ukuta wa kata ya soko, ukurasa wa nne, jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limekaa kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yake hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu.

Kwa haki, alipaswa kupiga kura anakolala. Lakini anakolala hakukuwa na jambo zito. Wagombea wawili, wote wakiahidi taa ileile ya barabarani. Riziki yake ilikuwa huku, na daftari kwa makosa yake lenyewe limempa kura huku. Hakuiba. Hakudanganya. Aliulizwa, akajibu alichosikia.

"Nyamaza tu," binti alisema. "Bahati hairudishwi."

"Tutaona," alisema Mama, na akarudi kwenye mkanda wake.

Akaanza kazi nyingine bila kuacha ile ya kwanza. Asubuhi hadi jioni watu hamsini, sitini, hukaa kwenye benchi lake wakingoja unga, hawana la kufanya ila kusengenyana. Wengi ni wa kata ya soko. Kila aliyeleta debe alipokewa kwa swali moja: "Jina lako umeliona ukutani?" Asiyeliona alitumwa akaliangalie, debe lake likilindiwa nafasi kwenye foleni. Aliyerudi akaulizwa la pili: "Mashine ikihamia machimboni, shingo yako itafika?" Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Mgombea wa upande mwingine, fundi baiskeli, alianza kupita pale akitabasamu, ingawa hakuwa na ahadi yoyote ya maana zaidi ya kutokuwa mwenye magodoro.

Siku ya tano mwenye magodoro aliingia kibandani mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeupe, na akasimama mbali na pipa.

"Dada, habari za kelele?"

"Za vumbi salama, kaka."

Alicheka. Ni mfanyabiashara, hajui kukasirika bure. Akatoa karatasi mfukoni, nakala ya orodha, ukurasa wa nne, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu. "Wewe unalala ng'ambo ya lami. Mji mzima unajua. Hili jina nikiliwekea pingamizi utaitwa, utaulizwa mbele za watu kama wewe ni mjanja au ni mzembe. Sipendi kumwaibisha jirani."

"Sema tena?"

"NASEMA SIPENDI KUKUAIBISHA!" Benchi zima likageuka. Alishusha sauti, akasogea mpaka karibu na sikio. "Biashara haigombi. Wewe acha kuwahubiria hawa. Mimi sijaliona jina lako. Piga kura yako huku kwa raha zako, hata ukimpigia fundi baiskeli. Moja hainiui."

Alipotoka, Mzee Sindano aliinua macho kutoka kwenye gunia. "Mama, hapo si pabaya. Kura umeachiwa."

"Mzee, wewe ungenunua mbuzi bila kumtazama meno." Alizima mashine. Ukimya ukawashtua hata kuku. "Ananipa moja, ananinyang'anya benchi zima. Na hiyo moja yenyewe si yake kutoa. Kilo ikizidi kwenye mizani yangu, si yangu. Ni ya mteja ambaye bado hajarudi kuidai, na akirudi huja na watu. Huyu amerudi na wino mwekundu."

Akajifuta unga usoni, akavuka uwanja mpaka ofisi ya mji. Zilikuwa zimebaki siku mbili za kusahihisha. Msichana yuleyule alikuwa mezani.

"Mwanangu, ulinihamishia kazini."

Karani alisoma fomu, akasoma tena. "Lakini mama, nilikuuliza makazi. Ukasema kuna mzee, jioni anaondoka kwa mkewe. Mimi nilidhani..." Akaziba mdomo.

"Ulidhani nini?"

"Hakuna, mama."

"Huyo mzee anashona magunia."

Msichana alicheka mpaka machozi, kisha akajikaza kikarani. Safari hii aliweka viganja mdomoni kama anayeita mtu bondeni: "MA-KA-ZI!" Foleni nzima ikajua anapoishi Mama Sema-Tena, mlango wa rangi gani na mkabala na nani. Mama alisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Akaomba risiti ya marekebisho. Akapewa.

Jioni hiyo aliibandika ile risiti kwenye nguzo ya kibanda, juu ya bei za kusaga. Mwenye magodoro akipita ataiona. Naye alipita, akaiona, akaisoma mpaka chini, na karatasi yake ya wino mwekundu haikuonekana tena. Benchi likaendelea kuulizwa maswali mawili.

Siku ya uchaguzi Mama alipanga foleni upande wa nyumbani, akachovya kidole kwenye wino, akatumbukiza kura yake kwa ajili ya taa ya barabarani. Binti alimuuliza kampa nani.

"Sema tena?"

"Basi, Mama, nimeelewa."

Kisha alileta kiti chake mlangoni, akakaa. Ng'ambo ya lami foleni ya kata ya soko ilikuwa ndefu kuliko ya mwaka wowote, na aliwatambua watu wake kwa namna wanavyosimama: uzito mguu mmoja, mkono kiunoni, kama wamezoea kungoja kitu kikisagwa. Hapo hakuwa na la kuongeza wala kupunguza. Gunia likishashonwa, mkono hauingii tena.

Mwenye magodoro alishinda. Kwa kura kumi na moja.

Binti alikuja na habari hizo amenuna, kama aliyefiwa. "Si nilikwambia bahati hairudishwi?"

"Ningebaki nayo, angeshinda kwa kumi. Kumi na kumi na moja zina tofauti gani?" Mama aliendelea kuchambua mahindi. "Alijipangia kushinda kwa mia tatu. Subiri."

Mzee Sindano alianza kukunja magunia kimyakimya, kila siku machache, kama mtu anayejiandaa kwa safari asiyotaka kuitaja. Mama alimwona. Alinunua mkanda mpya na kuufunga mbele ya macho yake. Mtu anayehama hafungi mkanda mpya.

Alhamisi ya wiki ya pili, foleni ikiwa imejaa, diwani mpya alikuja. Shati lilikuwa jeupe vilevile, lakini safari hii alikaa juu ya gunia bila kuambiwa, unga ukamshika makalioni.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Dada, tuongee kama majirani. Vumbi linaniua kweli. Ukinijengea ukuta wa mbao upande wangu wa dirisha, na ukaanza kusaga baada ya saa mbili, watu wakiwa wameshaamka..."

"Mbao zako, misumari yangu. Saa moja na nusu."

"Mbao ni ghali."

"Kura kumi na moja ni rahisi? Benchi hilo linakaa watu kumi na wanne."

Alilitazama benchi. Kwa kweli walikuwa kumi na wanne. Mwanamke wa mwisho alimpungia mkono. Diwani alijifuta jasho na unga ukabaki kwenye paji la uso.

"Haya. Mbao zangu, misumari yako, saa moja na nusu," alisema taratibu. "Na mashine inabaki."

Mama alikuwa amesikia. Alisikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia kitu kwa miaka kumi na tisa. Akanyoosha mkono, akazima mota, akangoja mpaka nyundo ya mwisho itulie na watu wote wainue vichwa kuona kuna nini. Kisha akamtegea sikio, uso mtulivu kabisa.

"Sema tena, Mheshimiwa?"

Diwani alimtazama, akalitazama benchi, akaelewa. Akavuta pumzi.

"MASHINE INABAKI!"

"Mmemsikia?" Mama aliwauliza watu kumi na wanne.

"Tumemsikia!"

Akawasha mota. "Debe la nani linafuata?"