Karai Ambalo Halikuandikwa Daftarini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa vizuri, na simu wekeni kando. Mimi sikusoma sana. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilihitimu msahafu, shuleni niliishia darasa la tatu, na kalamu nimekuja kuishika sawasawa nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Lakini kazi ya rangi naijua, na aliyenifundisha alikuwa daktari wa kemia, si daktari wa sindano.

Siku ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilivuka feri alfajiri kutoka Likoni nikaenda mpaka Changamwe, kwenye kiwanda cha vitambaa, buibui juu na leso mpya chini, kama aendaye arusini. Msimamizi wa chumba cha rangi alikuwa mzee wa Kisauni, mikono yake samawati mpaka kwenye viwiko. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wajua kufanya nini, bibi?"

"Kufua."

"Basi umekosea mlango. Hapa hatufui. Hapa twachafua nguo kwa mpango."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilivua buibui, nikalikunja, nikauliza mabuti yako wapi.

Rangi za siku hizo zilikuja kwa pipa kutoka ng'ambo, unga mkavu ambao ukifunua kifuniko wapiga chafya mpaka kesho yake. Tulizichemsha kwenye matangi, tukatia chumvi na magadi, kitambaa kikazamishwa na kugeuzwa kwa vijiti virefu. Maji yaliyobaki yalikwenda kwenye mtaro nyuma ya kiwanda. Ukitaka kujua leo twatia rangi gani, huna haja ya kuuliza, tazama mtaro. Mikono yetu ilipasuka. Usiku nilipaka mafuta ya nazi, asubuhi nikarudi. Ndiyo kazi ilivyokuwa, na sikulalamika, kwa sababu watoto walikula.

Mwaka wa tatu akaja Daktari. Alikuwa mwanamke wa bara, rika langu, mwembamba, koti jeupe limempwaya. Meneja alimpa chumba kidogo kilichokuwa stoo, akakiita maabara. Alikuja kutafuta rangi za mimea zitakazoshika kwenye kitambaa bila kuua maji ya mtaroni. Alihitaji msaidizi, na wenzangu walimwogopa. Mimi nilikwenda nikamuuliza:

"Waambiwa wewe mkemia. Mkemia wa nini?"

"Wa vitu vilivyotokana na uhai, Mama Mishi. Majani, magome, mafuta, sukari. Nachunguza vimeundwaje na vikichanganywa vinageuka vipi."

"Ukivipasha moto?"

"Hasa nikivipasha moto."

"Basi hata mimi mpishi ni mkemia mwenzako."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake nilihamia maabara.

Tulijaribu manjano: yang'aa, lakini jua layafifisha kwa wiki moja. Tulijaribu hina, tukajaribu majani ya mwembe. Kilichoshika ni gome la mkoko. Gome hilo lina kitu Daktari alichokiita tanini, nanyi mwakijua hata kama hamkijui jina: ni ule ukakasi unaokaza ulimi ukitafuna embe changa. Ukakasi huo ndio unaong'ang'ania uzi. Daktari alikuwa na sharti moja, nalo alilisimamia kwa ukali kunishinda mimi: mti uliosimama usiguswe. Tulichukua magome ya boriti zilizokwisha kukatwa, yale ambayo wauza boriti waliyabandua na kuyatupa. Mmoja alimwambia, "Mama, nikuletee mabichi, yana nguvu zaidi." Akamjibu, "Rangi inayomaliza mti haina tofauti na ile ya pipa." Nikampenda siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gome latwangwa, lalowekwa usiku kucha, lachemshwa kwa moto wa taratibu, lachujwa. Kitambaa, na chetu kilikuwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, lazima kwanza kichemshwe kwa magadi na sabuni ya mche ili kitoke wanga na nta, la sivyo rangi hushika hapa ikaacha pale. Kisha tulitia maji ya kutu, yaani misumari mikongwe iliyolowekwa katika siki. Chuma kikikutana na ukakasi, rangi ya chai hugeuka kahawa iliyokolea. Daktari alipima kila kitu. Kijiko cha maji ya kutu kikizidi tone, alimwaga akaanza tena. Kipande kimoja tulikifua mara ishirini, kingine tulikiweka juu ya paa, nusu juani na nusu chini ya kadibodi, mwezi mzima, tuone jua limekula nini. Kila kipande kilibandikwa jina na nambari.

Na hapo ndipo aliponiaibisha. "Vibandiko andika wewe," akasema. Nikamwambia mimi ni msomaji wa msahafu tu. Akasema, "Jioni kuna ngumbaru, darasa la watu wazima, nenda." Nikaenda, nimekaa na mabibi wenye miwani ya kuazima, nasoma a-e-i-o-u kama mtoto, maana ya shuleni nilikwisha yasahau. Baada ya mwaka niliandika vibandiko vyote, na daftari la Daktari nalisoma mstari kwa mstari. Aliliandika kwa Kiswahili kwa ajili yangu.

Tulipata mteja. Hoteli moja ya kusini ilitaka mapazia ya rangi ile ya kahawa, majora mengi, yote yafanane. Meneja akamwambia Daktari mbele yetu, "Yakifanana, nakupa chumba kikubwa. Yasipofanana, tunarudi kwenye pipa na stoo yangu naitaka." Sufuria za maabara zilikuwa ndogo, kwa hiyo msimamizi alitutafutia karai la chuma, kubwa hata mtu angeoga humo, kukuu, jeusi ndani lina magamba ya miaka. Tulichemsha jora la kwanza ndani yake. Lilitoka sawa. La pili sawa. La tatu sawa, yote kama yametoka tumbo moja.

Siku moja kabla ya jora la nne tuliambiwa wageni wa hoteli waja kutazama kazi. Nyinyi mwajua nyumba zetu. Mgeni aja, chombo cheusi kitakaaje mbele yake? Atasema hawa wapika kwenye uchafu. Daktari na wenzangu walipokwisha kwenda zao, nilibaki. Nilichukua kumbi la nazi na mchanga, nikalisugua karai mpaka likang'aa kama mwezi, nikalisuuza, kisha nikalipaka mafuta ya nazi lisishike kutu, kama mama yangu alivyonifunza. Nikavuka feri nimefurahi. Sikumwambia mtu, kwani msafi hatangazi usafi wake.

Asubuhi, kabla mwenzangu mmoja hajamaliza kulisifu karai, maji yalikwisha tiwa na moto umewashwa. Wageni wakaja, wakasimama, kitambaa kikatolewa. Kilikuwa cheupecheupe, rangi ya chai nyepesi ya msibani, na madoa kila mahali kama mgonjwa wa surua. Mgeni mmoja akauliza kwa adabu kama hilo ndilo pambo.

Meneja akageuka. "Kitambaa hiki amekifua nani?"

Alikifua Kadzo. Kadzo alikuwa mwanamke wa Kisauni, mfuaji wetu, mcheshi, mwenye kelele. Madoa kama yale, kila mtu wa rangi ajua, hutokea kitambaa kisipotoka nta. Akaambiwa aende nyumbani, asirudi mpaka aitwe, na sote tulijua kuitwa hakuna.

Akapita karibu yangu ameshika mabuti yake. "Mama Mishi, wewe wanijua. Hebu waambie nafuaje."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Wakati ule sikuwa na hakika, na nafsi ikanishika mkono: huenda kweli hakufua vizuri, huenda ni siki, huenda ni maji ya mfereji. Lakini usiku, nilipokuwa nakaanga samaki, tone la maji likaangukia mafuta likakimbia huku na huku halishiki mahali. Nikasimama na mwiko mkononi. Nikayajua madoa yametoka wapi.

Kesho yake bado nikanyamaza. Nawaambieni kweli, wala sijipambi. Nilihofu kurudi kwenye matangi. Nilihofu zaidi kuitwa mchafuzi kwa sababu ya usafi. Daktari alikwenda kwa Meneja kuomba wiki moja ya kujaribu tena, akaliacha daftari wazi mezani. Nikasoma. Chini ya jora la nne alikuwa ameandika: *Madoa. Sababu: ufuaji mbaya wa Kadzo.*

Nilikwenda ngumbaru nipate kuandika vibandiko. Jambo la kwanza kubwa nililolisoma peke yangu bila kuonyeshwa herufi kwa kidole likawa ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi.

Daktari aliporudi nikamwambia, "Futa hapo."

"Nifute nini?"

"Jina la Kadzo. Karai nililisugua mimi."

"Ulilisugua na nini?"

"Kumbi na mchanga. Kisha nikalipaka mafuta."

"Mafuta!" Akaketi juu ya gunia la magome. "Mama Mishi, mafuta? Kwenye karai la rangi?"

"Wageni walikuwa waja."

Nilingoja matusi. Badala yake akavuta daftari, akafungua ukurasa wa jora la kwanza, akapitisha kidole: uzito wa gome, maji, moto, saa, siki. "Niliandika kila kitu," akasema taratibu, "isipokuwa karai. Yale magamba yalikuwa yakitoa chuma chake siku zote, nami nikidhani ni kijiko changu cha maji ya kutu. Wewe umelisugua. Mimi sikulihesabu. Lakini Kadzo hakufanya lolote."

Akanipa kalamu. "Andika wewe."

Nikaandika: *Karai ni la chuma. Lisisuguliwe.*

Tulilichoma karai kwa moto mkali mafuta yakaungua, kisha tukachemsha magome matupu ndani yake, siku tatu mfululizo, likazoea. Kipande tulichokitia siku ya nne kilikuwa kahawa ile ile. Tukakiweka juu ya kipande cha jora la kwanza, Daktari akafumba macho, nikavichanganya, akafumbua asijue kipi ni kipi.

Hapo nikaenda mwenyewe kwa Meneja na vipande vyangu viwili mkononi. Daktari alitaka kunisindikiza, nikakataa.

"Kwa hiyo nikufukuze wewe badala yake?" Meneja akauliza nilipokwisha kumweleza.

"Nifukuze. Lakini mrudishe Kadzo kwanza, nami nimwone akiingia."

Hakunifukuza. Alimrudisha Kadzo, na mimi akanishusha miezi mitatu nikafue vitambaa chini ya mkono wa Kadzo. Adhabu ya haki, na ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, kwa sababu Kadzo hakuwa malaika.

"Karibu, mama msafi," akanipokea siku ya kwanza. "Sugua polepole, bibi, hicho ni kitambaa, si karai. Kitatoboka."

"Abee, bosi," nikamjibu, na kila mtu akaangua kicheko. Mwezi mzima alinitania kwa sauti, lakini kunitazama usoni hakunitazama. Siku moja aliniwekea kikombe cha chai kando ya beseni, nikajua twaelekea mahali. Nikamwambia, "Ulinituma nikusemee, nikanyamaza." Akasema, "Nilikusikia ukinyamaza." Hatukulirudia tena. Alikuja kuwa somo yangu, rafiki wa kuambiana siri, na mwanawe nimemwozesha mimi.

Hoteli ilipata mapazia yake. Daktari alipata chumba kikubwa, nami nikarudi kwake. Miaka iliyofuata tulitoa rangi ya tumbaku, ya mchanga mbichi, na nyeusi ya kweli isiyochuja, na mtaro wa upande wetu ulipitisha maji ya rangi ya chai tu. Kazi nzuri, nami sioni haya kuisifu, kwa sababu niliifanya.

Katika miaka ya tisini mitumba ikajaa masokoni na viwanda vikaanza kufunga milango. Chetu nacho kikafunga. Daktari alirudi bara kufundisha wanafunzi, na kabla hajaondoka alininunulia lile karai letu kutoka kwa muuza vyuma chakavu, akaniachia na daftari. Nikachukuliwa Bombolulu, kwenye karakana ya mafundi, kufundisha kutia rangi. Mafundi wengi walikuwa walemavu, na mafundi hodari kushinda wengi wenye miguu yote. Kila aliyekuja nilimfunza gome, magadi, siki, na kabla ya yote nilimsomesha ule mstari mmoja wa mwandiko wangu mbaya. Magoti yalipokataa kusimama mbele ya moto nikastaafu, nikarudi nyumbani Shika Adabu, kule kule Likoni.

Wengine huniuliza kemia ni nini hasa. Kwangu mimi ni kujua ulitia nini, kiasi gani, ndani ya nini, na kusema kweli pindi kikitoka vibaya. Siki, gome na misumari waweza kununua. Hilo la mwisho huuziwi dukani.

Karai liko uani kwangu, jeusi. Mwaka jana, Idi ilipokaribia, niliwakuta wakwe wawili wameshalishikia kumbi, wageni waja. Nikawaita wote, wakwe, wana na wajukuu, mpaka yule mdogo anayejifunza kutembea, nikawapa amri yangu, nayo ingalipo:

"Karai hili halisuguliwi. Na atakayelisugua, aje aniambie yeye mwenyewe, kabla sijamuuliza mwingine."