Ua wa Makuti Kwenye Kota za Temeke

Makuti mabichi yana harufu yake, tamu kidogo, kama majani yaliyonyeshewa. Mie nikiinusa tu nimesharudi Temeke, kwenye kota za manispaa, enzi za Mwingereza, bado kitoto. Kota zenyewe nzuri, nisiwe mwongo. Sakafu ya saruji, bati juu, bomba hapo karibu, na chokaa walikuwaga wanakuja kupaka wenyewe. Ila ua hakuna. Ukifungua mlango wa nyuma, uko barabarani na sufuria yako. Sasa mama yangu, Mzaramo yule, apike kichwa wazi wapita njia wanamtazama? Akamtuma baba makuti na miti, wakazungushia ua siku hiyo hiyo.

Kumbe kuongeza kitu marufuku. Akaja msimamizi wa kota, mtu wa bara, mpole, ila amri kwake amri. Akasema ikifika Ijumaa ua uwe umeshuka, la sivyo tuhame. Baba akataka kuubomoa, maana tungehamia wapi? Mama akamwambia, "Utahama wewe na huyo bwana wako. Mie nina ua wangu."

Ijumaa kweli, huyo na vibarua wake, mapanga mkononi. Lakini uani kwa wanawake mwanamume haingii hivi hivi, hata awe katumwa na nani. Akapiga hodi. Mama yuko mkekani anasuka watu, akajibu, "Subiri baba, humu watu vichwa wazi." Akasubiri, jua linamchoma. Akapiga tena. "Bado, baba." Alipopiga mara nyingine ikajibu sauti ya mtu mwingine kabisa, "Baba Anjela, ukibomoa hapa mie nikamalizie wapi kichwa? Barabarani?"

Mkewe huyo. Kwake nako hakukuwa na ua, kila siku yuko kwetu. Vibarua wakageuka pembeni, mabega yanawatikisika. Msimamizi akavua kofia, akajifuta jasho.

"Umesukwa wapi na wapi?"

"Upande mmoja."

"Haya, malizeni."

Akaondoka na watu wake. Hatukuhama. Baadaye manispaa wakaja wenyewe na matofali, wakajenga ua nyumba hadi nyumba, wakaanzia kwa msimamizi.

Siku hizi mjukuu wangu anakaa ghorofani, nyumba za serikali vilevile, vigae mpaka chooni. Lakini kanga za mkewe zinaanikwa dirishani, mtaa mzima unazijua. Ananiambia, "Bibi, tumelalamika mpaka tumechoka, simu hawapokei." Nikamwambia, achana na simu. Ulizia mke wa msimamizi anasukwa wapi, kisha umkaribishe kwako.