Mwinyijuma, Mkausha Unga wa Sola

Mwinyijuma bin Hatibu ni mzaliwa wa Pangani, na miaka ishirini na sita ya nguvu zake iliishia kwenye mbata. Alikausha nazi za watu mpaka vidole vikashika rangi ya moshi. Kazi ile ilimfunza kwamba unyevu ni mwizi. Kitu kikishakauka kifunike, ukibane, usimwachie mwizi hata tundu.

Minazi ikazeeka, na magoti yake yakazeeka nayo. Akajikuta Pongwe, kwenye karakana inayovunja sola zilizokufa. Wenzake husimama kutwa wakibandua vioo. Vile vigae vyeusi vya ndani, vya silikoni, huoshwa kwa dawa na kusagwa hata viwe unga wa kijivu, laini kama wanja. Unga huo huenda kwa watengeneza betri, wautie ndani ya betri zao zishike chaji zaidi. Mwinyijuma ndiye aliyeukausha. Ilikuwa kazi ya kukaa kwenye kigoda, na kwa magoti yale, bila kigoda hakuna kazi.

Msimamizi wao, Praxeda, binti aliyesomea kemia, alimwambia tangu mwanzo, "Baba, mfuniko wa pipa uegeshe tu. Unga huu ukibaki na unyevu hata kidogo hutoa hewa, na hewa hiyo inashika moto."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Lakini masika yakaingia, kuta zikatoka jasho, na pipa la kwanza, la kumpelekea mnunuzi aujaribu unga, lilikuwa limeshajaa, kazi ya wiki sita. Kila akipita na kuuona mfuniko umeegeshwa vile, mwili ulimsisimka. Alasiri moja akachukua spana, akaikaza pete ya mfuniko mpaka mwisho. Akashusha pumzi.

Siku ya tatu Luay, mvunja vioo, alisimama mlangoni. "Ami, pipa lako lina mimba. Mwenyewe nani?"

Mwinyijuma hakucheka. Bati lilikuwa limevimba kama samaki bunju.

Praxeda akaamuru moto wote uzimwe, hata jiko la chai, na watu watoke nje. Akailegeza pete kidogo kidogo. Pipa likapumua, pumzi ndefu. Alipochota ndani, unga ulitoka umeganda, mabonge yenye weupe.

"Huu haufai tena," akasema. "Nani kabana?"

Aliyeona hakuwapo. Juzi zamu ya kufagia chumba kile ilikuwa ya Luay, na watu walishaanza kumtazama yeye. Mwinyijuma alihisi uchovu kabla hata ya kufungua mdomo.

"Mimi, mwanangu. Niliambiwa, na nikabana."

"Angeweza kufa mtu, baba."

"Najua."

Praxeda akaurudisha mfuniko, akauegesha. "Kukausha siwezi kukuachia tena. Kesho uende kwenye vioo."

Ilipofika adhuhuri ya kesho yake, magoti yalikuwa yanawaka. Luay, aliyepewa kigoda, akaja kumuuliza unga unajulikanaje kuwa umekauka. Mzee akamwonyesha: ufinye, ukiuachia uachane.

"Na mfuniko, ami?"

"Uegeshe. Roho itakuuma masika yote ukiuona haukubanwa." Akaegemea meza, akavuta kioo kingine. "Iache ikuume."