Ushuhuda wa Jino la Mpoyi

Siku sita za juma, Mpoyi alikuwa kwado tu, fundi wa kuziba matairi ya malori kwenye barabara ya Fungurume, na hakuna aliyemjali. Jumapili alipuliza tarumbeta kanisani, na watu walewale waliompita bila salamu waligeuza shingo. Heshima yake yote ilikuwa mdomoni. Nasema hivyo kwa sababu niliuona huo mdomo kwa karibu: mimi Blandine ni msaidizi wa kliniki ya meno hapa Kolwezi, kazi yangu ni kushika taa na kusikiliza uongo wa wagonjwa.

Alikuja akishika shavu. Jino la mbele, la juu, lilikuwa limeoza ndani.

"Hatutaling'oa," Daktari Mbayo alimwambia. "Tutapiga sindano, tutoboe jino kwa nyuma, tutoe ule mushipa, tusafishe muzizi, tutie dawa na kuziba kwa muda. Siku mbili tatu utasikia bado kauchungu. Kisha itatulia. Lakini kutulia haiko kupona, tata. Juma ijayo unarudi, tunaziba kabisa. Usiporudi, uchafu itaingia tena na jino itaenda."

"Na tarumbeta?"

"Bila ile jino, utapuliza upepo."

Mpoyi alivumilia vizuri. Kufika Alhamisi, uchungu ulikuwa umekwisha. Kumbe juma hilohilo akina mama wa maombi walikuwa wamefunga siku tatu kwa ajili yake. Basi Jumapili akasimama kutoa ushuhuda: Mungu amemponya jino. Kliniki hakuitaja hata kidogo. Watu wakapiga makofi, mchungaji akamwinua mkono. Nami nilikuwa benchi la tatu, maana ni kanisa langu pia, na hasira ilinipanda.

Jumatatu hatukumwona. Nikamfuata kwenye matairi yake.

"Tata Mpoyi, daktari anakungojea."

"Mi nilipona, mama Blandine," alisema, bila kuinua macho. "Bakiniona kule kwenu, batasema nini? Batasema nilidanganya kanisa muzima."

Baraza ya kliniki yetu inatazama njia ya soko, na nusu ya kanisa hupita pale. Nilimwita mjinga nikaondoka.

Baada ya miezi mitatu aliingia kwa mlango wa nyuma, kitambaa usoni, uvimbe umefika jichoni. Usaha ulikuwa umekula mfupa, jino likicheza kwenye fizi. Daktari alilitoa bila hata kutumia nguvu. Mpoyi akaweka ulimi kwenye pengo, akalia. Sikumhurumia. Nilimwambia aende akatoe ushuhuda mwingine.

Jumapili iliyofuata tarumbeta ilikuwa mikononi mwa Kazadi, mpigaji mwingine wa fanfare, bendi ya kanisa letu. Mchungaji alimwita Mpoyi mbele, akamwamuru afungue mdomo, watu wote waone. Akasema Mungu haponyi nusunusu. Anayepoteza uponyaji ana dhambi aliyoificha.

"Sema, tata! Ulifanya nini?"

Mpoyi alinitazama. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha: kwamba ile sindano niliiona, taa niliishika mimi, na aliacha matibabu katikati. Lakini ningekuwa nimeliambia kanisa kwamba lilipigia makofi uongo, na mimi nilikaa kimya siku ile. Niliogopa. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikajifanya natafuta wimbo.

Mpoyi alijua kwamba kanisani kwetu mwenye dhambi akitubu huachiwa angalau ngoma apige, lakini mwenye ushuhuda wa uongo hufukuzwa. Akajifuta jasho, akataja uzinzi. Hata jina la mwanamke alilitoa: Angèle, mjane anayeuza mikate karibu naye. Najua hakumgusa, mchana kutwa alikuwa na mikono ya grisi, na jioni alikuwa kwenye mazoezi ya fanfare.

Kanisa lilimsamehe palepale. Fidélie, mke wake, aliwachukua watoto watatu akatoka nao, na Mpoyi akapewa ngoma.