Wachunguliaji wa Sanda

Katika kila watu mia waliofungua tovuti ya duka la sanda za hariri la Mzee Randriambololona, tisini na mmoja walitazama ukurasa mmoja tu, wakaenda zao. Voahirana, aliyekuwa akiitunza tovuti hiyo, aliwaita wachunguliaji. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Tisa kati ya hiyo alifundisha hesabu, sita alipokea simu za wateja wa Ufaransa wenye hasira, na sasa alitengeneza tovuti za watu akiwa chumbani kwake, juu ya mojawapo ya ngazi ndefu ambazo Antananarivo haikosi. Alianza mwaka na wateja watatu. Mmoja alifunga biashara, wa pili alipata mpwa anayejua kompyuta. Akabaki Mzee.

Na Mzee alibaki kwa masharti. Mwanawe Tahiana, msimamizi wa duka, alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili huko Mauritius na kurudi na namba: wachunguliaji wasizidi sitini katika mia ifikapo mwisho wa Septemba, majira ya Wamalagasi kufungua makaburi na kuwafunika upya marehemu kwa sanda mpya yanapokwisha. Wakizidi, mkataba wa Voahirana hauongezwi. Alipouliza namba hiyo imetoka wapi, Tahiana alimjibu kwa upole kwamba ndiyo namba ya dunia nzima.

Juni ilipita katika kutii vitabu vya fani yake. Alipunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke hata kwenye simu ya mtu aliye bondeni bila mtandao wa maana. Tisini na mmoja. Akafupisha salamu za Mzee, ambazo zilichukua ukurasa na nusu na kuomba radhi kwa wakubwa, kwa wadogo na kwa watakaochelewa kusoma. Mzee aliumia. Alitaka kujua ni adabu gani hiyo, mgeni hajaketi ashaonyeshwa sanda. Tisini na mmoja. Kisha Tahiana akaleta maarifa ya semina: maandishi mekundu chini ya kila kitambaa, kwamba zimebaki tatu tu, wahi. Wakawa tisini na wawili. Si rahisi kumharakisha mteja ambaye sanda yake ni ya mtu aliyelala kaburini mwaka wa kumi na moja sasa.

Julai, baridi ikimng'ata vidole, alikaa na kikombe cha maji ya moto yaliyochemshwa na ukoko wa wali na kuwafuata wageni mmoja mmoja kwenye kioo cha kompyuta, jinsi walivyogusa na walivyosogea. Hapo kitu kikamsumbua. Hawakuwa watu waliochukizwa. Walifungua picha, wakaikuza, wakachungulia pindo, wakashuka kwenye bei, wakapanda tena kwenye pindo. Walitazama kama watu wenye haja. Kisha, walipofika kwenye kitufe cha kununua, chenye mchoro wa kikapu, waliondoka.

Jumapili alikwenda kula kwa mdogo wake Lalao. Mwaka huo ulikuwa zamu ya baba yao kufunguliwa kaburi, na Lalao akasema, huku akipakua wali, kwamba ameona sanda nzuri sana kwenye ile tovuti ya dada. Voahirana akaweka kijiko chini.

"Ukanunua?"

"Ninunue mimi?"

"Uliingia, ukatazama, ukatoka. Kwa nini?"

"Dada, umechoka wewe. Baba ana watoto saba. Nikimnunulia sanda peke yangu, hao sita watasema nimemfanya baba wa kwangu. Kaka mkubwa hatanisemesha mpaka nife, na hapo atakataa kuchangia."

"Kwa hiyo ukafanya nini?"

"Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikawatumia hao wengine. Halafu kile kikapu chenu! Baba nimtie kikapuni na nini, na sabuni?"

Voahirana alimaliza wali wake. Alikuwa amezaliwa katika jambo hili, amelichangia mara nne, na kwa miezi miwili alikuwa akitengeneza duka la mtu ambaye hayupo: mtu mmoja, peke yake, anayeamua mwenyewe kuhusu wafu wa ukoo.

Jumatatu aliondoa kikapu na maandishi mekundu. Kitufe cha kununua akakiandika upya: Waonyeshe ndugu zako. Ukikibonyeza, picha, vipimo na bei vilikwenda kwa jamaa wote, pamoja na nafasi ya kuorodhesha majina ya marehemu na namba ya simu ya duka. Tahiana aliruhusu, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha na hakuwa na wazo jingine.

Agosti simu ya duka ilianza kulia. Mara nyingi mpigaji alikuwa kaka mkubwa wa watu fulani, akisema kwamba wamekubaliana. Wakati huohuo kila ndugu aliyetumiwa picha alifungua ukurasa uleule mmoja, akaukubali au kuununia, akaufunga. Wachunguliaji wakafika tisini na wanne.

Mwisho wa Septemba walikaa watatu dukani. Tahiana aliweka mezani karatasi yenye namba hiyo, akasema anasikitika. Voahirana alieleza, kwa mara ya tatu mwezi ule, kwamba hao wanaoondoka ndio wanaonunua. Hakueleza vizuri. Alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesomesha jedwali la kuzidisha kwa saba kwa darasa la mwisho la siku.

"Lakini namba imepanda, dada Voahirana."

Mzee, aliyedhaniwa kusinzia, akauliza ni namba ya nini.

"Ya wanaoondoka, baba."

"Kila anayenunua kwangu huondoka. Wewe ulitaka walale humu?" Akamgeukia Voahirana. "Mwanangu, wafumaji wangu hawajawahi kuishiwa na hariri kabla ya Septemba. Mwaka huu wameishiwa. Utaendelea."

Tahiana hakubisha, hakuna anayembishia baba yake mbele ya mgeni. Alitoa mkataba mpya, nakala ya ule wa zamani, ila sitini imekuwa hamsini na tano, maana semina ilifundisha kwamba lengo lazima lishuke kila mwaka. Voahirana aliuliza kama pale hapawezi kuandikwa kitu kingine, kwa mfano idadi ya sanda zilizouzwa. Tahiana aliitazama fomu kwa dhati, mbele na nyuma, akasema haina nafasi hiyo.

Mkataba ulikuwa na kurasa nne, na zilitakiwa nakala tatu. Voahirana aliomba kalamu, akatia sahihi mara kumi na mbili.