Mkono wa Delmira

Kwetu yerba, chai yetu ya majani machungu, hunywewa kwa zamu: kibuyu kimoja, mrija mmoja. Ukikirudisha kimya, utajaziwa tena. Ukisema asante, umetosheka, hupewi tena. Mmiminaji wetu pale tulipofunga barabara alikuwa jirani yangu Delmira Etcheverry, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini.

Kizuizi tulikiweka wenyewe, sisi raia wa Argentina, kwenye barabara ya kwenda darajani, baada ya Uruguay kujenga kiwanda cha karatasi ng'ambo ya mto wetu. Serikali zikashtakiana, sisi tukaleta trekta na mnyororo. Kuhofia mto utachafuliwa tulikuwa na haki, hilo silikani hata leo. Ila mpe mtu mnyororo, hachelewi kujiona serikali. Gari halikupita mpaka tupige kura ya mikono.

Nélida, dada yake Delmira, aliolewa ng'ambo hiyo hiyo. Zamani walikutana kila Jumapili. Sasa, barabara imefungwa, ulibaki utani tu: "Delmira, leo unalinda mto au unamlinda shemeji?" Alicheka, lakini maneno yalimchoma. Hodari wa utani huo nilikuwa mimi.

Mwezi wa nane shemeji mwenyewe, Délfor, akafariki. Alikuwa mzaliwa wa huku, na alikuwa ameomba azikwe kando ya mama yake. Gari la maiti likaja likasimama kwenye mnyororo, Nélida ameketi mbele na dereva.

Tulikuwa tisa. Wanne walinyoosha mikono apite. Wanne tukanyoosha yetu kukataa. Akabaki Delmira na kibuyu chake.

"Haya mama," nikamwambia, "leo tujue wewe ni wa upande gani."

Akamtazama dada yake kupitia kioo. "Leo ikipita maiti, kesho yatapita malori," akasema, na mkono wake ukapanda pamoja na yetu.

Nélida alimgusa dereva begani, gari likageuka. Délfor akazikwa ng'ambo, mbali na kaburi la mama yake.

Delmira hakumimina tena pale, na mimi utani uliniisha. Usiku na mchana nilijiuliza ningepungukiwa nini kama ningenyamaza.

Barabara ilifunguliwa miaka mitatu baadaye. Kiwanda kipo, kinatoa moshi kama kawaida. Wiki hiyo hiyo Delmira akanigongea mlango, themosi kwapani.

"Nipeleke kwa dada, jirani. Hata mkono wako ulikuwa juu siku ile."

Nikachukua ufunguo wa gari.

Nélida alitupokea vizuri, akatutolea viti uani. Delmira hakusubiri hata kukaa sawasawa.

"Dada, si mto niliokuwa nautetea siku ile. Niliogopa watu watanicheka."

"Waliokucheka ni nani?"

"Mimi," nikasema.

Nélida akanitazama kidogo, kisha akamgeukia dada yake. "Mimina, maji yatapoa."

Delmira akamimina, akampa. Nélida akanywa taratibu mpaka mrija ukalia, akakirudisha kibuyu.

"Asante," akasema kwa upole.

Themosi ilikuwa bado imejaa. Delmira akanijazia mimi, nikanywa, nikarudisha kimya. Akajaza, akanywa yeye. Tukaendelea hivyo wawili mpaka maji yakaisha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusimama.