Bibi Kahonzi na Ua wa Jirani

"Hebu nipikie chai, Hawe," anasema Dkt. Zipporah Musembi, akimwita nyanya kwa Kigiriama. Kisha anatazama.

Asubuhi hii huko Ganze, mtaalamu huyu wa magonjwa ya akili ameketi jikoni mwa Kahonzi, mjane aliyepita miaka themanini. Bibi ametia majani sufuriani, ametia sukari, sasa anakoroga. Moto bado haujashika. Maji hayajatiwa.

Daktari hamsahihishi. Hiki ndicho kipimo chake.

Kipimo alichofundishwa chuoni kilimtaka mgonjwa achore saa. "Nikampa kalamu mtu ambaye hajawahi kuishika," anasema kwa sauti ya chini. "Akishindwa, nimejua nini?"

Zipporah alizaliwa Malindi, binti wa karani wa hoteli aliyetoka bara. Miaka kumi na minne sasa anafundisha chuo kikuu, na kila likizo huzunguka Ganze, Kakuyuni na Junju akiwatafiti wazee wanaopoteza kumbukumbu. Wengi huambiwa wamerudi utotoni. Wengine hupewa jina baya zaidi.

Jina hilo limemfikia Bibi Kahonzi. Amekutwa alfajiri, si mara moja, akifagia ua wa jirani yake, Mangi Mwambire. Mangi anasema huo ni uchawi. Kesho wazee wa kijiji wanakaa barazani, na ombi lake ni bibi ahamishwe.

"Ahamishwe wapi?" anauliza Joram, mwanawe bibi, ambaye siku hizi hulala mlangoni pa mamake kwa vitisho anavyovisikia njiani.

Mangi mwenyewe anabisha hodi. Daktari ndiye aliyemwita. Bibi anaweka mwiko chini, anampa mkono. Mke hajambo? Watoto? Mbuzi je, na mvua huko kwenu?

"Unaona, daktari?" Mangi anacheka bila furaha. "Huyu kasahau nini? Mbona mimi ananishinda!"

"Salamu ndizo za mwisho kumtoka mtu kichwani. Hutudanganya hata sisi madaktari. Keti kidogo, mzee Mangi."

Anaketi. Bibi anakoroga, anageuka, anamwona kana kwamba ndio kwanza anaingia. Anampa mkono. Mke hajambo? Watoto? Mbuzi je, na mvua?

"Na babako, mbona haji siku hizi?"

Mangi anamtazama daktari. Babake alizikwa mwaka wa ukame, na aliyeongoza nyimbo matangani ni huyu huyu bibi.

"Baba..." anaanza. "Baba hajambo, mama. Anakusalimu."

Joram anamgeukia. "Mama aliolewa pale pale kwako, Mangi, kabla baba zetu hawajagawana shamba. Nadhani anafagia kwake."

Zipporah hana dawa ya kumponya bibi, na hafichi. Anatumaini siku moja Ganze itakuwa na kliniki ya wazee kama hawa. Kwa sasa anataka mtu mmoja tu aseme barazani alichokiona leo.

"Utasema?"

"Nitafika," anajibu Mangi akiinuka. "La kusema bado sijalijua. Mke wangu anaogopa, daktari. Hata mimi naogopa."

Moto umeshika, sukari inanuka kuungua. Daktari anaepua sufuria.

"Chai tutaimalizia kesho, Hawe."

"Njoo mapema," anasema bibi, akiupapasa ukuta kutafuta ufagio. "Utanikuta nafagia."

Mangi, aliyekwisha kufika njiani, anamsikia na kusimama kidogo. Kisha anaendelea kwenda zake.